Mto u karibu, cheti ki mbali

Likizo ya mtoni katika nchi ya kigeni ikitajwa mbele ya wazazi wa Kibera au Kawangware, aghalabu hupokewa kwa kicheko. Likizo gani, na mto upi? Fikra huwaendea wazee wa Ulaya waliostaafu, walioketi juu ya sitaha ya merikebu katika mto Rhine au Danube, huku majumba ya kale yakiwapita polepole. Ama huwaendea watalii waliopanda zile hoteli zinazoelea baina ya Luxor na Aswan nchini Misri. Mambo hayo, tunaambiwa, ni ya wenye nazo. Sisi wengine likizo yetu ni kwenda mashambani Desemba kuwaamkia wazee, na kurejea Januari na gunia la mahindi na deni la karo.

Nia ya makala haya ni kulipinga wazo hilo. Nasema kwamba familia ya kawaida ya mtaa wetu, yenye kipato kidogo lakini cha kudumu, yaweza kufunga safari ya mtoni katika nchi ya kigeni, na kwamba kinachowazuia wengi si fedha peke yake. Ni karatasi moja ndogo ambayo mtoto alistahili kuipata kabla hajajua kukaa.

Tuanze na jiografia, maana walimu na wanafunzi ndio wasomaji wa ukurasa huu. Mto Nile, ambao urefu wake ni takriban kilomita 6,650, hutoka katika Ziwa Victoria kwenye mji wa Jinja, Uganda. Kutoka mpakani Busia hadi Jinja ni zaidi kidogo ya kilomita 100. Kwa hiyo yule anayepanda basi kutoka Nairobi kwenda kwao Busia, Samia au Alego amekwisha kuimaliza sehemu kubwa ya njia, ila hajui. Akivuka mpaka na kuendelea kwa saa chache, atafika penye daraja jipya la Jinja lililofunguliwa mwaka 2018, na hapo ataona mto mpana ukianza safari yake ya kuelekea Bahari ya Kati. Zipo mashua zinazowapeleka wageni hadi mahali ziwa linapogeuka kuwa mto. Hapo zamani palikuwa na maporomoko ya Ripon, yakazama baada ya bwawa la Owen kujengwa na kufunguliwa mwaka 1954.

Mwenye nafasi zaidi aweza kwenda mbele hadi mbuga ya Murchison. Huko mashua huondoka Paraa na kupanda mto taratibu, viboko wakikohoa pembeni na mamba wakiota jua, hadi karibu na mahali Nile yote inapojibana katika mwanya wa mwamba wenye upana wa takriban mita 7 na kuanguka kwa kishindo. Isitoshe, raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiingilio cha chini katika mbuga za Uganda kuliko mgeni atokaye ng'ambo, mradi athibitishe kuwa yeye ni raia. Neno hilo, athibitishe, tuliweke akiba. Tutalirudia.

Maji ya Nile si mageni kwetu. Nzoia, Yala, Nyando, Sondu, Kuja na Mara ni mito ya Kenya, na yote humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Kwa hiyo tone la mvua lililoanguka msitu wa Kakamega laweza kupita Jinja, likapita Juba na Khartoum, likafika Luxor chini ya zile hoteli zinazoelea. Tone lililoanguka juu ya bati la Kibera lina safari nyingine. Huteremka katika mto Ngong, likaingia mto Nairobi, kisha Athi, ambao mbele huitwa Galana na baadaye Sabaki, hata likamwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Hili ni somo zima la jiografia, nalo laanzia mlangoni pa mwanafunzi. Lakini ni watoto wangapi wa Kibera na Kawangware wanaojua kwamba mfereji ule mweusi wanaouruka kila asubuhi wakienda shule ni mto wenye jina, chanzo na mwisho?

Kwa bahati mbaya, watoto wetu wameujua mto kwa ubaya wake. Wanaujua kuwa jaa la taka. Wanaujua pia kuwa adui, kama ulivyokuwa katika gharika za Aprili na Mei 2024, mito ya Nairobi ilipofurika na kuzibomoa nyumba za maskini, na zilizosalia kandokando ya maji zikabomolewa kwa amri ya serikali. Hata Bwawa la Nairobi, lililoko ukingoni mwa Kibera, lilijengwa miaka ya 1950 na kwa muda mrefu watu walistarehe humo kwa mashua zenye tanga. Baadaye taka na magugu maji vililifunika. Mtoto ambaye hajawahi kuona mto safi hawezi kuukasirikia mto mchafu, kwa sababu hudhani kwamba ndivyo mito ilivyo. Mpeleke mara moja tu Jinja, aone watu wakivua samaki na kuendesha mashua katika maji yasiyonuka. Akirudi atauliza maswali ambayo waheshimiwa madiwani watapata taabu kuyajibu.

Wala safari za majini si jambo la kuiga kwa wageni. Historia ya Kibera yenyewe ni historia ya Nile. Wanubi, ambao ndio waliouita mtaa huo Kibra, yaani msitu, ni wazao wa askari waliotoka Sudan. Mababu zao walikuwa katika majeshi ya jimbo la Ikweta chini ya Emin Pasha, kwenye kingo za Nile ya juu. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua wengi wao karibu na Ziwa Albert na kuwaingiza katika jeshi lake Uganda. Wengine wao, na wana wao, walikuja kuwa askari wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, na serikali ya kikoloni ikawapa mahali pa kukaa penye msitu ule wa Nairobi. Mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Kwa hiyo, familia ya Kinubi ikifunga safari kwenda kuutazama mto Nile, haiendi ugenini tu. Inazirudia nyayo za babu zake.

Na hao wenye asili ya Magharibi na Nyanza, ambao ni wengi Kibera na Kawangware, wana kumbukumbu zao. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na shabaha yake kubwa ilikuwa kuliunganisha ziwa na bahari. Tangu hapo meli zikawa zikibeba abiria na mizigo kutoka Kisumu hadi bandari za Uganda na Tanganyika. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikuwa ikilizunguka ziwa kwa abiria wa nchi tatu. Watu walikwenda harusini Mwanza, wakawazuru jamaa Bukoba, wakauza bidhaa Port Bell. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ziligawanywa kama mali ya urithi iliyogombewa, na safari zile za familia zikafifia. Jumuiya ilihuishwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Mkataba ulirudi, lakini mazoea ya kusafiri kwa starehe hayakurudi pamoja nao.

Najua msomaji mmoja atasema: huyu mwandishi ameshiba. Mtu wa Kibera hununua maji kwa mtungi, hulipa kodi ya chumba kimoja, na kibarua chake hakina uhakika wa kesho. Utamwambiaje habari za kupanda mashua Uganda? Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Aliyelala njaa hahitaji ramani ya Nile, anahitaji unga. Lakini ni kosa kuwatazama wakazi wa mitaa hii kana kwamba wote ni kitu kimoja, na kitu hicho ni njaa. Humo mna walimu, mafundi cherehani, maaskari wa usiku, wauza mboga, makarani na madereva. Wana vyama vya kuchangiana ambavyo vimewajengea wengi nyumba huko kwao. Kila Desemba hukata tikiti za basi kwa nauli iliyopandishwa maradufu, wakasafiri na watoto wanne na mikoba saba. Hao si watu wasiosafiri. Ni watu ambao hawajawahi kuambiwa kwamba safari yao yaweza kusogea mbele kidogo, mwaka mmoja katika mitano, kwa mpango na akiba.

Sasa basi, tuseme familia moja ya Kawangware imeamua. Si familia ninayoijua, ni mfano tu. Baba ni fundi wa mbao, mama anauza nguo kuukuu, watoto ni watatu. Wameweka akiba mwaka mzima. Wamefunga mizigo, wameazima kamera kwa jirani, wamewaambia majirani wote kwamba wanakwenda kuona Nile. Je, wataondoka?

Baba na mama hawana tatizo kubwa. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa vitambulisho vyao vya kitaifa. Watahitaji pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano ili kuingia Uganda, na chanjo hiyo ikishachanjwa mara moja cheti chake hudumu maisha yote. Lakini mtoto hana kitambulisho. Mtoto huhitaji hati ya kusafiria, na hati hiyo haitolewi ila kwa cheti cha kuzaliwa pamoja na idhini na vitambulisho vya wazazi. Hapo ndipo safari inapokwama. Kifungua mimba anacho cheti, maana alizaliwa hospitalini. Wa pili alizaliwa nyumbani kwa mkunga, na mzazi akasema nitakwenda kesho. Wa tatu alikuwa nacho, ila kiliteketea moto ulipounguza safu nzima ya vyumba. Mzazi atafanya nini? Amwache mmoja kwa jirani, wengine waende wakaone mto?

Sheria yetu inataka uzazi uandikishwe katika muda wa miezi 6. Muda huo ukipita, mzazi huhesabiwa kuwa amechelewa, naye hutakiwa kuleta ushahidi zaidi. Miezi 6 ni muda mfupi kwa mama anayeamka alfajiri kutafuta kibarua, na kila siku ya kupanga foleni ni siku ya kukosa chakula. Hivyo kesho huzaa kesho nyingine, hata mtoto akafika darasa la sita bila karatasi inayosema alizaliwa lini, wapi, na nani. Ilhali Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inasema waziwazi kwamba kila mtoto ana haki ya kuwa na jina na uraia tangu anapozaliwa. Haki ipo kitabuni, foleni ipo ofisini, na mtoto yupo katikati.

Kwa Wanubi wa Kibera jambo hili limekuwa zito zaidi, kwa kuwa kwao haikuwa tu habari ya mzazi kuchelewa. Kwa miaka mingi vijana wao walipofikisha umri wa miaka 18 na kuomba vitambulisho, walipitishwa katika uchunguzi ambao vijana wa jamii nyingi nyingine hawakupitishwa, wakaulizwa hati za mababu. Mwezi Machi 2011, Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi, ikiwemo haki ya kuandikishwa wanapozaliwa na haki ya kuwa na uraia. Mwaka 2017 serikali iliikabidhi jamii hiyo hati ya kumiliki ardhi ya ekari 288 huko Kibera. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini hati ya ardhi haivukishi mtoto mpakani. Ni kinaya cha kusikitisha kwamba wajukuu wa watu walioletwa kutoka Nile wakiwa na bunduki za serikali ndio walioambiwa wathibitishe kwamba ni wa hapa.

Mwalimu ataniuliza: haya yananihusu nini mimi niliye na chaki mkononi? Yanakuhusu sana, mwalimu, maana wewe ndiwe afisa wa kwanza anayekutana na mtoto kwa jina lake. Chifu huenda asimjue, ofisi ya pasipoti haimjui kabisa, lakini jina lake liko katika rejista yako. Utakumbuka jinsi mfumo wa NEMIS wa kuandikisha wanafunzi ulivyodai namba ya cheti cha kuzaliwa, na walimu wakuu wakahangaika kuwatafuta wazazi. Wengi waliliona jambo lile kuwa usumbufu wa serikali. Mimi naona lilifichua kidonda kilichokuwapo. Mtoto asiye na cheti hakosi likizo tu. Hukosa utulivu wakati wa kuandikishwa mtihani, hukosa ufadhili, na akikua huanza safari ya kutafuta kitambulisho akiwa nyuma ya wenzake.

Basi pasiwe na haja ya kungoja mtihani. Shule yaweza kuuliza habari za cheti siku mtoto anapoingia darasa la kwanza, kwa upole na bila kumfukuza asiye nacho, kisha ikaandika orodha ya wasio navyo na kumwalika chifu na karani wa uandikishaji waje siku moja shuleni, wazazi wakiwapo. Foleni moja shuleni ni nafuu kuliko foleni mia mjini. Nao wanafunzi wa madarasa ya juu wanaweza kupewa zoezi la kwenda nyumbani na kuuliza: cheti changu kiko wapi, kimehifadhiwa ndani ya nini, na nyumba ikiungua kitasalimika? Nakala moja kwa shangazi mashambani imewaokoa wengi.

Liko jambo moja zaidi, nalo ni la uhai. Anayewapeleka watoto majini na akumbuke tuliyoyaona. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe, Mombasa, karibu kabisa na nchi kavu, wakafa watu 272. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakaangamia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220, ilhali kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Mafunzo ya misiba hiyo ni mepesi kuyataja: usipande chombo kilichojaa, usimpandishe mtoto asiyevaa jaketi la kujiokolea, na usione haya kumwuliza nahodha, watu wangapi?

Lakini MV Bukoba ilitufundisha na jingine. Majina ya abiria wa vyumba vya daraja la kwanza na la pili yaliandikwa. Ya wale wa daraja la tatu, waliolipa nauli ndogo, hayakuandikwa. Kwa hiyo hata leo hesabu ya waliokufa hubishaniwa. Tajiri alikufa akiwa na jina, maskini akafa akiwa sehemu ya makisio. Hapo ndipo cheti cha kuzaliwa na orodha ya abiria vinapokutana, kwani vyote viwili vinajibu swali moja: je, nchi hii inajua kwamba mtu huyu yupo? Aliyeandikwa alipozaliwa ataandikwa akisafiri, ataandikwa akipiga kura, na akipatwa na baya atatafutwa kwa jina lake.

Kwa sababu hiyo sitaki tuzicheke tena ndoto za mzazi wa Kawangware anayetaka kuwaonyesha wanawe mto Nile. Tumsaidie kuzipanga. Aanze kuweka akiba katika chama chake muhula wa kwanza. Muhula wa pili awapeleke watoto chanjo na ashughulikie hati zao. Muhula wa tatu mwalimu wa jiografia awafundishe njia yote, kutoka mfereji wa mtaani hadi chanzo cha Nile. Desemba wapande basi la kwenda kwao, wakae na bibi wiki moja, kisha waendelee hadi Jinja.

Wahenga walinena, mtembezi hula miguu yake, na aketiye hula makalio yake. Mtoto wa Kibera hakukosa miguu, wala mto haukuwa mbali naye. Shule zitakapofungua Januari, kabla ya kuuliza nani hajalipa na nani hana sare, mwalimu na aulize pia nani hajaandikwa. Majina atakayoyapata ayapeleke kwa chifu wiki hiyohiyo.